Barafu kwanza, rafu baadaye

Ndugu Mhariri,

Makala yenu juu ya baa ndogo za mitaani huko Japani, zile zinazojulikana kwa wiski ya nchi yao, imepokelewa kwa furaha na watu wa kazi yetu. Ni nadra gazeti la Kiswahili kutoa kurasa nzima kwa mambo ya kaunta. Kwa sababu hiyo hiyo naomba nafasi ya kusema kwamba imempeleka msomaji njia isiyo yake. Anayeimaliza anabaki na fikra moja: baa ya namna ile ni rafu, rafu ni chupa, na chupa ni mamilioni. Wapo vijana wa Dar es Salaam na Nairobi, na wengine walioko kwenye kaunta za hoteli za Dubai na Doha, wanaoweka akiba ili wakirudi nyumbani wafungue kitu kama hicho mtaani kwao. Wakiifuata makala yenu, akiba yote itaishia ukutani, na mteja wa kwanza atapewa kinywaji kibovu kilichotoka kwenye chupa nzuri.

Wasomaji wenu wengi hawagusi pombe, nami naliheshimu hilo. Haya ni ya watu ambao kaunta ndiyo riziki yao.

Mmeanza na wiski ya Yamazaki iliyokaa pipani miaka 55, iliyopigwa mnada Hong Kong mwaka 2020 kwa karibu dola 800,000 za Marekani. Ni kweli iliuzwa hivyo. Lakini toleo lile la mwaka huo lilikuwa la chupa 100 tu, zilizouzwa kwa bahati nasibu, na halina uhusiano wowote na baa ya mtaani. Chupa ambayo mhudumu wa mtaani anaishika mara nyingi zaidi usiku mmoja ni Kakubin ya kampuni ya Suntory, chupa ya pembe nne yenye mikato kama gamba la kobe, iliyoanza kuuzwa mwaka 1937. Ni wiski ya bei ya chini, na hakuna anayeionea haya.

Historia yenyewe inaeleza kwa nini. Shinjiro Torii, mwanzilishi wa Suntory, alijenga kiwanda cha Yamazaki, kati ya Kyoto na Osaka, mwaka 1923, akamwajiri Masataka Taketsuru aliyekuwa amekwenda Uskoti kujifunza kazi ya kukeneka wiski, yaani kutenga kilevi kwa mvuke. Wiski yao ya kwanza, Shirofuda ya 1929, ilikuwa na moshi mwingi mno kwa ulimi wa Wajapani, haikuuzika. Taketsuru akaondoka, na mwaka 1934 akaanzisha kiwanda chake Yoichi, kwenye kisiwa cha Hokkaido. Kampuni hiyo leo ndiyo Nikka. Torii alibaki akitafuta ladha nyepesi hadi akaipata Kakubin. Baada ya vita ikaja Torys, wiski rahisi ya mwaka 1946, na katika miaka ya 1950 zikaenea baa zilizobeba jina lake, ambamo karani na fundi waliotoka kazini waliweza kunywa glasi moja ya wiski na soda bila kumaliza mshahara. Hapo ndipo baa ya wiski ilipokuwa jambo la mtaa.

Biashara ilifika kileleni mwaka 1983, kisha ikashuka kwa miaka 25 mfululizo. Viwanda vikapunguza uzalishaji, vingine vikafungwa kabisa. Kilichoinua tena soko kuanzia 2008 ni Kakubin na soda, ndani ya bilauri kubwa la mkono kama la bia, katika vilabu vya kula na kunywa. Mahitaji yakapanda ghafla wakati maghalani hamna mapipa ya kutosha ya zamani, kwa sababu wiski ya miaka 12 inayouzwa leo lazima iwe imekenekwa miaka 12 iliyopita au zaidi. Ndiyo maana mwaka 2018 Suntory walisimamisha uuzaji wa Hakushu ya miaka 12 na Hibiki ya miaka 17. Ndiyo maana pia Aprili 2024 bei ya rejareja inayopendekezwa na kampuni kwa Yamazaki ya miaka 12 ilipandishwa kutoka yeni 10,000 hadi yeni 15,000. Bei zile mnazozishangaa zimetokana na uhaba huo, na uhaba umeletwa na kinywaji cha kawaida kabisa.

Kinywaji hicho ni haiboli: wiski, maji ya soda na barafu. Makala yenu imekipa sentensi moja. Mimi nitakipa sehemu kubwa ya barua hii, kwa sababu ndicho kinachoamua kama baa inastahili jina lake. Kinywaji chenye vitu vitatu hakina cha kufunikia kosa.

Nianze na barafu, maana ndiyo inayowashinda wengi. Barafu ya vibati vya friza ina weupe katikati. Weupe ule ni hewa na chumvichumvi zilizokuwamo majini: maji yakiganda kutoka pande zote kwa pamoja, hewa inasukumwa ndani na kunaswa. Barafu ya namna hiyo imejaa nyufa na vitundu. Inavunjikavunjika, inayeyuka upesi, na kila kitundu ni mahali pa gesi ya soda kutokea. Kuchemsha maji mara mbili, kama wengi wanavyofundishana, kunasaidia kidogo sana. Dawa ni kuyafanya maji yagande kutoka upande mmoja tu.

Chukua deli dogo linaloingia kwenye friza, ondoa mfuniko, jaza maji yaliyochujwa kina cha sentimita 15 hivi, liweke kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kuta na kitako cha deli vinazuia baridi, kwa hiyo maji yanaanza kuganda juu na kushuka, yakisukuma hewa na chumvi kuelekea chini. Baada ya saa 18 hadi 24, kutegemea friza yako, litoe kabla maji ya chini hayajaganda. Ukilipindua kwenye sinki linatoka pande la barafu safi kama kioo, na maji machafu yanamwagika. Ukichelewa, sehemu ya chini itaganda nyeupe. Ikate uitumie kupozea chupa. Ukichelewa zaidi, maji ya mwisho yakiganda hayana pa kutanukia, yanaweza kulipasua pande lote, na hata deli lenyewe.

Usilikate likitoka tu. Liache mezani dakika 15 hadi 30, mpaka ukungu wa juu uondoke na uso ung'ae. Barafu yenye baridi kali ikiguswa na chuma, au ikimwagiwa kinywaji, hupasuka ovyo. Kisha chukua kisu cha mkate chenye meno, chora mfereji wa nusu sentimita hivi, acha kisu mferejini na gonga mgongo wake kwa nyundo ya mti. Litapasuka kwa kufuata mstari. Kwa haiboli kata nguzo za sentimita 3 kwa 3 kwa 10 hivi. Kwa wiski ya kunywewa na barafu tupu kata mche wa sentimita 5. Yale madonge ya mviringo yaliyochongwa kwa mkono, ambayo mmeyapiga picha kwa ustadi, yana sababu yake: kwa ujazo ule ule, umbo la duara ndilo lenye uso mdogo kuliko yote, kwa hiyo linayeyuka polepole. Lakini mche uliokatwa vizuri unakaribia sana kazi hiyo, na mwanafunzi anajifunza kuukata kwa siku chache. Donge linadai miezi, na vidole vingi vimetobolewa na sindano ya barafu.

Jambo la friza za kwetu: isiwe friza ya samaki. Barafu isiyofunikwa inanyonya harufu, na harufu hiyo hutoka pale wiski inapopoa na kuanza kunukia. Nunua friza ndogo ya barafu peke yake. Umeme ukikatika, usiifungue. Pande kubwa linastahimili saa nyingi kuliko vipande vidogo, ambavyo vikiyeyuka na kuganda tena vinashikana na kuwa takataka. Nimesema mwanzoni fedha inakokwenda si ukutani. Inakwenda hapa.

Sasa soda. Nasema maji ya soda matupu, yasiyo na sukari wala limau. Toniki isitumike, ina kwinini na sukari, na uchungu wake unaiua wiski. Sharti kuu ni baridi. Gesi ya kaboni huyeyuka zaidi katika maji baridi: maji yaliyo karibu na nyuzi sifuri hushika zaidi ya mara mbili ya gesi inayoshikwa na maji ya nyuzi 30. Chupa ya soda iliyokaa kaunta mchana kutwa katika joto la Mombasa, ukiifungua, nusu ya kazi yake inapaa na ule mshindo wa kwanza. Iweke kwenye jokofu tangu jana yake, kwenye nyuzi 4 au pungufu. Tumia chupa ndogo, moja kwa mteja mmoja. Japani kuna chupa ya kioo ya Wilkinson yenye mililita 190 iliyotengwa kwa kazi hii. Kopo au chupa ndogo yoyote ya hapa inatosha, mradi isifunguliwe na kurudishwa. Chupa ya lita moja inayofunguliwa saa moja usiku haifai tena kwa haiboli ikifika saa tatu.

Glasi iwe ndefu na nyembamba, ya mililita 350 hadi 400. Ioshwe kwa sabuni kidogo, isuuzwe sana, ikaushwe juu ya waya ikiwa imepinduliwa. Kitambaa kinachoachia nyuzi ni adui, kwa kuwa kila uzi ulioshikamana na kioo ni chanzo cha mapovu, na mapovu yakianzia kwenye kioo hayafiki ulimini. Kitambaa kibichi kinaacha harufu ya uvundo, na mteja atadhani ni wiski.

Kazi yenyewe haizidi dakika moja na nusu. Jaza glasi kwa barafu hadi juu, koroga kwa sekunde 10 ili kioo kipoe, mwaga maji yote yaliyojitokeza. Hatua hiyo ya kumwaga inarukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayofanya haiboli iwe chapwa tangu tama la kwanza. Pima wiski mililita 45, mimina, koroga mpaka glasi itoe jasho nje. Mafundi wa Suntory hufundisha mizunguko 13 na nusu. Hesabu hiyo haina uchawi wowote, ila inamzuia mwenye haraka asikoroge mara tatu na kuondoka. Wiski lazima ipoe kabla ya soda kuingia. Ikiwa na joto la chumba, gesi itapaa zinapokutana. Ongeza barafu iliyopungua. Mimina soda mililita 135 hadi 180 taratibu, ikipita kati ya barafu na ukingo wa glasi, isiipige barafu. Ingiza kijiko kirefu hadi chini, inua barafu mara moja, kitoe. Usikoroge tena. Wiski ni nyepesi kuliko soda na inataka kupanda yenyewe. Kuinua mara moja kunatosha kuichanganya.

Ukitia 135, yaani moja kwa tatu, wiski ya asilimia 40 inakupa kinywaji cha asilimia 10 kabla barafu haijaanza kuyeyuka. Ukitia 180, moja kwa nne, ni asilimia 8. Kwa chakula nashauri moja kwa nne, na hicho ndicho kipimo kinachotajwa sana kwa Kakubin. Limau ikihitajika, kipande kimoja kikamuliwe glasini kabla ya soda, au ganda peke yake libinywe juu ya glasi ili mafuta yake yatawanyike. Limau nusu zima linaficha kila kitu, na ukiona baa inafanya hivyo, ujue ina cha kuficha.

Povu likifurika wakati wa kumimina, soda ina joto au glasi ina uchafu. Gesi ikiisha baada ya dakika tano, tazama barafu nyeupe na mkono unaokoroga mno. Kinywaji kikiwa na ladha ya maji juu na kikali chini, kijiko hakikuinua. Glasi ya pili ikiwa mbaya kuliko ya kwanza kwa mhudumu yule yule, mara nyingi ametumia tena barafu ya glasi ya kwanza.

Kama barafu nzuri haipatikani kabisa, msitumie barafu mbovu, acheni barafu. Baa za jamii ya Samboa, zilizoanzia Kobe mwaka 1918 na kuenea Osaka na Kyoto, zinajulikana kwa haiboli isiyo na barafu hata chembe: Kakubin mililita 60 iliyopozwa, glasi iliyopozwa, na chupa nzima ya soda ya mililita 190 inamiminwa kwa mkupuo, kisha mafuta ya ganda la limau juu yake. Hainywewi kwa kusuasua. Katika jiji lenye joto una dakika kumi tu za raha, lakini dakika hizo ni bora kuliko nusu saa ya maji yenye rangi. Nashangaa makala yenu ilifika mpaka Osaka na kuiacha hii, kwa sababu ndiyo inayoweza kuigwa hapa kesho asubuhi kwa jokofu la kawaida.

Ipo pia mizuwari, wiski na maji baridi bila gesi, moja kwa mbili au mbili na nusu. Hapa maji ndiyo kila kitu. Maji ya Japani kwa sehemu kubwa ni laini, yana madini machache. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi, na mizuwari ya maji hayo hainyweki. Nunueni maji ya chupa na msome kibandiko, mkichagua yenye jumla ndogo ya madini. Wakati wa baridi hunywewa oyuwari, sehemu moja ya wiski kwa mbili au tatu za maji ya moto ya nyuzi 80 hivi, yasiyochemka, kwa kuwa maji yanayochemka hupeperusha harufu nzuri yote kwa mvuke mmoja. Watu wa Lushoto na Limuru wangeielewa mara moja.

Kwa kokteli zenye sukari, wiski nyepesi inapotea. Hapo ndipo chupa kali inapofaa, kama Nikka From the Barrel yenye asilimia 51.4. Mililita 50 za wiski hiyo, mililita 5 za sharubati ya sukari, matone mawili matatu makubwa ya Angostura (kiungo kichungu cha kokteli), koroga na barafu kwa sekunde 25 hadi 30, chuja juu ya mche mmoja wa barafu, binya ganda la chungwa. Huko Japani wapo wanaotumia sukari nyeusi ya miwa ya Okinawa badala ya sukari nyeupe. Sisi tuna sukari guru, iliyo ya namna ile ile: juisi ya miwa iliyochemshwa bila kusafishwa. Gramu 100 kwa mililita 100 za maji, moto mdogo mpaka iyeyuke, usiiache ichemke ikaungua, ichuje kwa kitambaa kizito kwani ina mchanga na makapi, iweke kwenye jokofu na uitumie ndani ya wiki mbili. Kama haikuchujwa, chini ya glasi patakuwa na tope.

Sasa nije kwenye kosa linalonifanya niombe sahihisho. Chini ya picha ya From the Barrel mmeandika kwamba kila tone lake limetengenezwa Japani. Nikka wenyewe wamesema wazi kwamba chupa hiyo haitimizi masharti yote ya wiski ya Kijapani. Ni wiski nzuri sana, naitumia na nitaendelea kuitumia, lakini mteja aambiwe ukweli.

Kwa miaka mingi sheria ya Japani ilikuwa legelege. Sheria ya kodi ya pombe inaruhusu kinywaji kuitwa wiski hata kama sehemu ya wiski halisi ndani yake ni asilimia 10 tu ya kilevi, na nyingine ni spiriti ya kawaida. Wala haikumkataza mtu kuleta wiski kwa meli kutoka Uskoti au Kanada, kuitia chupani Japani na kuibandika maandishi ya Kijapani. Februari 2021 chama cha watengenezaji wa pombe kali wa nchi hiyo kilitangaza kanuni, zikaanza kutumika Aprili 1 mwaka huo, na wanachama wakapewa hadi Machi 31, 2024 kurekebisha vibandiko vyao. Kwa kanuni hizo lazima kuwe na nafaka iliyooteshwa kimea, maji yawe ya Japani, na kazi ya kugeuza wanga kuwa sukari, kuchachusha na kukeneka ifanyike Japani. Wiski ikae ndani ya Japani si chini ya miaka mitatu katika mapipa ya mti yasiyozidi lita 700. Itiwe chupani huko huko, ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Rangi ya sukari iliyounguzwa inaruhusiwa. Lakini hizi ni kanuni za chama kwa wanachama wake, si sheria ya nchi, na asiye mwanachama habanwi nazo.

Kwa hiyo mnunuzi asome nyuma ya chupa. Kibandiko cha kuaminika kinataja kiwanda kilichokeneka, kwa jina na mahali. Kikitaja tu mahali ilipotiwa chupani, uliza. Maneno ya kusema ni mchanganyiko wa dunia ni ya ukweli na hayana ubaya. Suntory wana Ao, iliyochanganywa kwa wiski za nchi tano, na wanalisema hilo waziwazi. Kinachonikera ni chupa yenye picha ya samurai na mlima, isiyotaja kiwanda chochote, inayouzwa bei ya Yamazaki kwenye maduka ya viwanja vya ndege.

Mtu anayeanza hahitaji zaidi ya chupa sita za aina tofauti. Kakubin kwa haiboli, au Toki iliyotolewa mwaka 2016 kwa ajili ya soko la Amerika Kaskazini na inayopatikana kirahisi zaidi nje ya Japani. Hakushu isiyoandikwa umri chupani, yenye ubichi wa majani na moshi mdogo. Haiboli yake na jani moja la nanaa ni kitu cha kumpa mteja anayesema hapendi wiski. Hibiki Japanese Harmony kwa anayetaka utamu laini. Taketsuru, inayochanganya wiski za kimea za viwanda vya Nikka vya Yoichi na Miyagikyo. Yoichi yenyewe, ambayo mitungi yake ya kukenekea bado inapashwa moto kwa makaa ya mawe, kwa anayependa moshi na uzito. Na From the Barrel kwa kokteli. Yamazaki ya miaka 12 ije baadaye, ikiwa baa inajilipa.

Mmeuliza katika makala kwa nini mti wa mizunara unatajwa kwa heshima kubwa. Ni mwaloni wa Japani, ulioanza kutumika sana kwa mapipa wakati wa vita ya pili ya dunia, mapipa ya nje yalipokosekana. Ni mti msumbufu: una vinyweleo vingi, unavuja, haunyooki, na unahitaji karibu miaka 200 kufikia unene wa kutosha. Wiski ikikaa humo muda mrefu hupata harufu ambayo wao huilinganisha na uvumba wa hekaluni. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu: ni liwa na udi. Lakini kiasi chake ni kidogo hata ndani ya chupa za bei kubwa, na katika haiboli hutaisikia. Ukimpata mteja anayeitafuta, mpe glasi ndogo bila barafu, na maji pembeni.

Hesabu nayo ni nyepesi. Chupa ya mililita 700 inatoa haiboli 15 za mililita 45, na mililita 25 zinabaki za kumwagika. Asiyepima kwa kipimo na akatia 60 kwa jicho anapata 11, na zile nne zilizopotea ndizo zilizokuwa faida. Chupa zisimame wima, mbali na jua, kwani pombe kali ikigusa kizibo muda mrefu inakila. Chupa ikibaki theluthi moja na haiendi haraka, ihamishiwe chupa ndogo safi, hewa isiichoshe. Kule kuna desturi ya mteja kununua chupa nzima, ikaandikwa jina lake na kumsubiri rafuni. Inampa mwenye baa fedha mapema na mteja sababu ya kurudi. Ile ada ya kiti inayokuja na kibakuli cha kitafunwa msiilete hapa bila kuiandika kwenye orodha ya bei, itazua ugomvi.

Jambo la mwisho ambalo makala haikuligusa: baa nyingi za Japani ziko karibu na vituo vya treni, na hilo lina faida yake. Tangu 2007 sheria yao inamwadhibu hata aliyemuuzia mtu pombe akijua kwamba mtu huyo ataendesha gari, pamoja na abiria aliyeomba kupandishwa akijua dereva amelewa. Kipimo cha pumzi kinachoanza kumtia dereva hatiani ni miligramu 0.15 kwa lita. Umri wa kunywa umebaki miaka 20, ingawa utu uzima ulishushwa hadi 18 mwaka 2022. Anayeiga kaunta yao aige na hili: amuulize mteja amekujaje kabla ya glasi ya kwanza, na awe na namba ya bodaboda au teksi ukutani, mahali ambapo angeweka chupa ya saba.

Naomba basi, Ndugu Mhariri, toleo lijalo lisahihishe maelezo ya picha ile ya Nikka, na kama nafasi ipo, pembeni yake mchape kipimo cha haiboli: wiski 45, soda 180, vyote baridi, barafu safi, kijiko kiinue mara moja.

Wako,
Mkufunzi wa wahudumu wa baa,
Dar es Salaam